Umeme Ukirudi, Nani Atawasha?

Muhula uliopita nilifanya kosa dogo la kiufundi. Kila nikilitafakari, naona ndani yake sura ya namna tunavyoendesha mambo yetu ya umma.

Ukumbi ninaofundishia hauwatoshi wanafunzi wote wa somo langu. Waliochelewa walizoea kusimama dirishani, daftari likiwa juu ya kiganja. Nikaamua kukitumia chumba cha jirani. Ukumbini niliweka kamera na kompyuta. Chumba cha pili niliweka kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi nyuma ya runinga. Programu ya VLC ikawa inarusha picha na sauti kutoka upande mmoja na kuzipokea upande wa pili kupitia mtandao wa ndani wa jengo. Siku ya kwanza wanafunzi walipiga makofi, wakubwa wa idara wakaja kupiga picha. Nami, sitaficha, nilijiona mtu wa maana.

Wiki chache baadaye nilikwenda msibani kijijini. Mwenzangu alikubali kunishikia kipindi cha marejeo. Umeme ukakatika, ukarudi baada ya dakika chache. Ukumbini somo likaendelea. Chumba cha pili runinga ikabaki nyeusi. Wanafunzi walibonyeza rimoti, wakachomoa waya na kuuchomeka tena, hatimaye wakanipigia simu. Nilikuwa makaburini, simu nimeizima. Kompyuta ilikuwa ikidai neno la siri, na neno hilo lilikuwa kichwani mwangu peke yangu.

Baada ya jaribio la katikati ya muhula, binti mmoja alibisha hodi ofisini.

“Shikamoo, Dokta.”

“Marahaba, karibu.”

“Samahani, Dokta. Swali la tatu limetoka katika kipindi kile ulichokuwa msibani. Sisi wa chumba cha pili siku ile tulifundishwa na ukuta.”

Sikuwa na la kujitetea. Nililiondoa swali lile katika alama na kukirudia kipindi Jumamosi. Kisha nikakaa na fundi kijana wa maabara yetu, ili anioneshe nilipokosea.

Alinieleza jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Katika mfumo wa Linux, kuna amri ya kuianzisha programu sasa hivi, na kuna amri nyingine ya kuiandikisha miongoni mwa zile zinazoanza kila mashine inapowaka. Ya kwanza huleta matokeo papo hapo, mbele ya macho ya watu. Ya pili haioneshi chochote siku hiyo. Faida yake huonekana siku ya balaa, wakati wewe haupo. Mimi nilikuwa nimetoa amri ya kwanza tu. Nilikuwa nimezindua, sikuwa nimeandikisha.

Hata kuandikisha peke yake hakukutosha. Kompyuta ya ukumbini ilihitaji kuelekezwa, katika mipangilio yake ya awali kabisa, kwamba umeme ukirudi iwake yenyewe bila kungoja kidole. Urushaji ulihitaji akaunti yake maalumu, yenye mamlaka ya kazi hiyo moja tu, ili usitegemee neno langu la siri. Programu iliagizwa isubiri mtandao uwe tayari, na ikishindwa ijaribu tena baada ya sekunde kumi, maana kabla ya hapo ilikuwa ikianza mapema, ikikosa mtandao, inakata tamaa moja kwa moja. Mwisho, Raspberry Pi ilipewa kazi ya kuiamsha runinga kupitia waya wa HDMI, kwa kuwa runinga ile umeme ukirudi hubaki imelala ikingoja rimoti. Pete moja ya mnyororo ikikatika, chumba kizima kiko gizani.

Ndugu msomaji, ni mara ngapi umefika katika ofisi ya umma ukaambiwa mwenye neno la siri yuko likizo? Ni visima vingapi vimekatiwa utepe, kisha pampu ikaharibika, na kijiji kizima hakina anayejua vipuri vinanunuliwa wapi? Uzinduzi tunauweza, tuna maturubai, vipaza sauti na kamati za mapambo. Kinachotushinda ni ile amri ya pili isiyopigiwa makofi: kuandika utaratibu, kugawa mamlaka, na kulijaribu jambo kwa makusudi tukiwa hatupo.

Na tunapoitoa, matunda yake huonekana. Machi 17, 2021 Watanzania tulitangaziwa kifo cha Rais John Magufuli. Machi 19 Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa. Ibara ya 37 ya Katiba ilikuwa imekwisha kuandika mapema kwamba Rais akifariki dunia, Makamu ataapishwa na kumalizia muda uliobaki. Unaweza kuwa na mengi ya kuidai Katiba hiyo, nami ninayo. Lakini siku ile hatukuanza kuulizana nani awashe.

Hata hivyo, nisiufanye mfumo unaojiwasha kuwa mtakatifu. Jioni moja, baada ya matengenezo yetu, umeme ulikatika na kurudi. Wanafunzi walikuwa wamekutana ukumbini kujadili malalamiko yao kuhusu mikopo na malazi. Kamera ikaamka yenyewe, na mazungumzo yao ya faragha yakaanza kuonekana katika runinga ya chumba cha pili, ambako watu wengine walikuwa wakijisomea. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ila mashine iliyoagizwa kuanza haiulizi kama huu ndio wakati wa kuanza. Sheria mbovu iliyoandikishwa vizuri nayo huamka kila asubuhi, bila kuchoka.

Niliwaomba radhi wanafunzi wale. Sasa urushaji unaruhusiwa kuanza saa za ratiba ya somo pekee. Ukutani, chini ya swichi, kuna karatasi yenye maelezo ya namna ya kuuwasha na, kwa herufi kubwa zaidi, namna ya kuuzima. Viongozi wa darasa na mhudumu wa jengo wamefundishwa yote mawili.

VLC yenyewe ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, waliotaka kurusha video katika mtandao wa chuo chao. Mwaka 2001 msimbo wake uliachiwa huru, yeyote ausome na kuurekebisha. Waasisi walihitimu wakaondoka, programu inaendelea.

Wiki iliyopita, nikiwa nyumbani, nilimwomba fundi azime swichi kuu ya vyumba vile viwili kisha aiwashe. Baada ya dakika mbili alinitumia picha ya runinga: ubao wa ukumbini ulionekana waziwazi. Sikuhitajika. Ni furaha ambayo ningependa kila mwenye ofisi aionje walau mara moja kabla hajastaafu.