Safari ya Ukweni: Kompyuta ya Gemu Vipande Vipande Hadi Ngara

Kuna mabinti wanaokwenda ukweni kwa mara ya kwanza na doti za khanga, sukari na mafuta ya kupikia. Mimi nilikwenda na vyote hivyo, na juu yake nikapakata pawa saplai. Ndiyo, lile boksi zito la chuma linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Nililipakata kutwa nzima, kutoka Mwanza hadi Ngara, kwa sababu mchumba wangu alikataa katakata lisiende kwenye buti la basi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, anaishi na mama yao Ngara mjini. Kamaliza chuo, kazi hajapata. Akaomba kitu kimoja tu: kompyuta nzuri ya gemu aiweke chumba cha mbele, jioni vijana walipie kwa mechi, mchana ahariri video za harusi. Bajeti ilikuwa shilingi milioni mbili, na si unajua tena zilitoka wapi? Kwenye akiba yetu ya harusi! Wacha nikuambie ukweli, nilinuna wiki nzima.

Kwa nini asinunue iliyo tayari?

Hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza. Si kuna laptop za gemu kibao madukani? Mwenzangu akanijibu taratibu. Kwenye laptop nyingi za gemu, prosesa na kadi ya picha vimeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi. Kimoja kikifa, fundi wa kukirudisha yuko mbali. Ukiunganisha ya mezani mwenyewe, kikifa kitu unachomoa hicho, unaweka kingine, maisha yanaendelea.

Halafu akaanza kuchagua, na hapo ndipo nilipoanza kumjua upya. Hakuanza na bei wala mbwembwe. Alianza na kazi: gemu gani, kwenye skrini gani, nyumba gani. Mpira kwenye skrini ya kawaida ya 1080p hauhitaji kadi ya kifahari. Kwenye kompyuta ya gemu, kadi ya picha ndiyo inayokula fedha nyingi, lakini ukiiweka na prosesa dhaifu, kadi inakaa kuisubiri prosesa na umetupa hela.

Prosesa akachukua Ryzen 5 5600G ya AMD, ambayo ilitoka 2021. Ipo ndugu yake, 5600 isiyo na G, ambayo kwenye gemu ina kasi zaidi ukishaweka kadi ya picha. Tatizo ni kwamba hiyo haitoi picha yenyewe, bila kadi skrini inabaki giza. “Kwa Ngara nachukua yenye G,” akasema. Nikamwona mwoga.

RAM akachukua mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, kwa kuwa zikiwa mbili hupokea na kutoa data kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Madabodi ikawa ya soketi ya AM4, inayokubali prosesa hiyo na RAM za DDR4. Hapo usikosee, maana prosesa na bodi visipolingana soketi havifungiki, hata ulie machozi.

Kwenye pawa saplai tuligombana. Dukani kulikuwa na ya bei chee iliyoandikwa wati 750, nyepesi kama boksi tupu. Yeye akachukua ya wati 550, ghali zaidi, ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus, yaani umeme mwingi unafanya kazi badala ya kupotea kama joto. “Namba ya kwenye stika haiendeshi kompyuta,” akasema. Keisi nayo haikuwa na taa za disko, ila ilikuwa na chujio la vumbi mbele.

Ikabaki kadi ya picha. Fedha ilikuwa imeshapungua, tukapata RX 580 ya GB 8 iliyotumika, kwa mtu hapo hapo Mwanza. Mwenzangu alitaka kuifunga kwenye kompyuta ya muuzaji na kuchezesha gemu nzito kwa nusu saa. Ilikuwa usiku, basi ni alfajiri, na mimi nguo sijapanga. Nikamwambia, “Jamani mpenzi, mwenyewe kasema ni nzima, twende.” Tukaenda. Kumbuka sentensi hiyo.

Barabara ya Biharamulo

Kama hujapita njia hii siku za karibuni, utaipenda. Lile foleni la kusubiri kivuko cha Kigongo halipo tena. Daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi juu ya Ziwa Victoria, lilifunguliwa Juni 2025. Unakatiza ziwa kwa dakika chache, unaingia Sengerema, unapita Geita, mchana uko Biharamulo.

Biharamulo ni mji mtulivu wenye boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, kuta nene nyeupe kama ngome. Kutoka hapo unaelekea Lusahunga, njia panda ambapo malori ya Rwanda na Burundi yanakutana na magari ya Bukoba. Ukikaa dirishani utaona wanadamu wa kila lugha wakigombea mahindi ya kuchoma.

Baada ya hapo ni msitu. Upande wa kaskazini iko Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Mwenzangu anakumbuka utotoni mabasi yakipita hapa kwa kusindikizwa na polisi wenye silaha, kwa hofu ya majambazi. Siku hiyo abiria karibu wote walilala fofofo. Mimi nilikuwa macho na boksi langu, miguu imekufa ganzi.

Tulipofika Benaco akanigusa bega. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi, na hapa ikaota kambi kubwa kama jiji. Leo unaona maduka, malori na watoto wa shule. Basi likaanza kupanda vilima vya Ngara na kibaridi kikaingia dirishani. “Kompyuta itapenda hapa,” akaninong’oneza. Kwa baridi, sawa. Kwa lile vumbi jekundu lililojaa kwenye nywele zangu, nilikuwa na mashaka.

Giza kwenye skrini

“Shikamoo mama.” Nikapiga magoti, boksi bado mkononi. Mama mkwe akaitikia marahaba, akanitazama, akauliza, “Mwanangu, hicho ulichopakata ni nini?” Nikamjibu ni pawa saplai. Akacheka mpaka akashika ukuta. Basi bwana, wasiwasi wangu wote ukaishia hapo. Tukala ndizi na maharage, nikapewa mara mbili.

Zamani umeme wa Ngara na Biharamulo ulitoka kwenye jenereta za dizeli. Siku hizi, hapo Rusumo, Mto Kagera unazungusha mitambo ya megawati 80 ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Hata hivyo usiku ule taa ya sebuleni ilipepesa mara mbili tukiwa mezani. Mwenzangu akatoa stabilaiza na UPS kwenye begi. Nilikuwa nimezikatalia hizo Mwanza, eti zinakula fedha ya kadi nzuri zaidi! UPS si ya kuendelea kucheza umeme ukikatika. Ni ya kukupa dakika chache uzime kompyuta kistaarabu.

Wakaunganisha kwenye meza ya chakula, wakigusa chuma cha keisi kila mara ili umeme wa mwilini usiunguze vipande. Saa nne usiku shemeji akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka. Skrini, giza.

Wakachomoa RAM na kuzirudisha. Giza. Shemeji jasho linamtoka, mama yake kaacha kufuma mkeka. Mwenzangu hakupandisha sauti. Akachomoa kadi ya picha, akahamishia waya wa skrini kwenye madabodi, akawasha tena. Mwanga! Ile prosesa “ya mwoga” ndiyo iliyotoa picha. Iliyokufa ilikuwa kadi niliyomzuia asiipime.

Nikamfuata jikoni. “Kosa ni langu,” nikasema. Akanyamaza kidogo. “Ulinikimbiza, kweli. Lakini mimi ndiye niliyejua inatakiwa kupimwa, na nikakubali.” Hakunipoza wala hakunisimanga. Msomaji, mwanaume wa namna hiyo usimwache kwa sababu ya pawa saplai.

Maporomoko ya Rusumo

Kesho yake tulikwenda Rusumo, mpakani, kuangalia maji ya Kagera yakiporomoka. Tulizungumza fedha pale bila kununiana. Tukakubaliana hatugusi tena akiba ya harusi. Shemeji ataanza na picha za prosesa, gemu la mpira likiwa kwenye mpangilio wa chini, na kila mechi ataweka kitu pembeni. Kadi ijayo itakuwa mpya yenye garantii, hata kama ni ndogo.

Jioni tuliporudi, vijana wawili wa jirani walikuwa wanacheza, padi mkononi, kelele mpaka barabarani. Gemu zenyewe tulikuwa tumezishusha Mwanza, kwa sababu moja linaweza kula GB 50 hadi 100. Na ukitaka kucheza na watu wa mbali, jua kwamba seva nyingi ziko Ulaya au Afrika Kusini. Kadi ya picha, hata iwe ya dhahabu, haifupishi umbali huo.

Ukitaka kufuata nyayo zetu

Andikeni bajeti wawili, kabla ya kwenda dukani. Tengeni kwanza fedha ya pawa saplai, stabilaiza na UPS, ndipo mgawane inayobaki. Bei za RAM na kadi zinapanda na kushuka, ulizeni maduka matatu. Kitu kilichotumika kipimeni nusu saa, hata basi liwaache. Ngara nendeni na sweta, na keisi ifungueni mara kwa mara mpulize vumbi.

Mama mkwe alitusindikiza stendi na mkungu wa ndizi. Kurudi Mwanza niliupakata huo.