Tulimshukuru Mungu, Dawa Tukazisahau



Krismasi moja familia yetu ilikusanyika nyumbani Urambo kwa furaha. Baba yetu mdogo, mkulima wa tumbaku, alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam baada ya kuzibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachouweka mshipa wazi. Siku hizi si lazima kuifuata huduma hiyo India. Hutolewa pia hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Tuliomba Misa ya shukrani, tukachinja mbuzi.

Mwezi wa tatu, wakati wa kuvuna tumbaku, vidonge vilimwishia. Nauli ya kufuata vingine Tabora ilikuwepo, ila tuliona heri ilipe vibarua. Tulimwambia, "Baba, si umeshapona?" Naye alisema kuendelea na dawa baada ya kutoa shukrani ni kumtilia Mungu mashaka. Usiku alichochea moto wa bani, sigara mkononi.

Alfajiri moja kifua kilimbana. Tulimkimbiza hospitali, akanusurika, lakini moyo umedhoofika. Jembe hashiki tena.

Daktari alituelewesha. Stenti ni kitu kigeni mwilini. Kabla utando wa ndani wa mshipa haujaifunika, damu yaweza kuganda juu yake ghafla. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa mbili, aspirini na nyingine kama klopidogreli, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12. Kisha aspirini huendelea. Kuziacha mapema bila ruhusa ya daktari ni miongoni mwa sababu kubwa za mshipa kuziba tena. Sigara, kisukari na ugonjwa wa figo huongeza hatari.

Darasani tunajadili visababishi kwa ufasaha. Nyumbani tulikuwa sisi wenyewe sehemu ya kisababishi. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha kwamba tabibu na dawa vyatoka kwa Mungu. Basi kumeza kidonge ni kuendeleza ile shukrani. Jumuiya zetu ndogo ndogo huchangia misiba kwa moyo. Zichangie pia nauli ya kufuata dawa, mgonjwa angali hai.

Sasa kila jioni mmoja wetu humpigia simu.

"Shikamoo, baba. Umemeza?"

"Marahaba, mwanangu. Nimemeza."