Steringi Hafi

Katika kibanda umiza cha mtaani kwetu Ngarenaro, Arusha, sheria ilikuwa moja na hakuna aliyeibishia: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungwa kamba na kumwagiwa petroli, lakini picha ikiisha yeye amesimama na adui yuko chini. Mtoto aliyeingia kwa mara ya kwanza alifundishwa hilo kabla hajapata pa kukaa. Ukiona mtu mwenye kifua kipana amekufa katikati ya picha, basi huyo hakuwa steringi.

Kibanda kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ni ya mbao zisizopigwa randa. Mbele kulikuwa na televisheni ya chogo juu ya meza ndefu, na deki pembeni yake. Tuliangalia Rambo, tukaangalia Bruce Lee, tukaangalia picha za Kichina ambazo majina yake hatukuyajua maana mikanda ilishabanduka karatasi zamani. Baadaye ikaja mikanda yenye sauti ya Lufufu, yaani Derek Mukandala, aliyekuwa akizisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, na tangu hapo hata akina mama waliokuwa wakiuza karanga mlangoni wakaanza kuingia ndani na masinia yao.

Katika picha zote hizo sikumbuki hata moja ambayo steringi wake alikuwa mtoto. Mtoto alikuwa wa kutekwa. Katika Commando, ya mwaka 1985, binti wa Arnold Schwarzenegger anachukuliwa na maadui mwanzoni, na kazi yake kubwa tangu hapo ni kumngoja baba. Tuliona ni sawa tu. Mwenye nguvu ni mtu mzima, tena mwanamume, tena wa kutoka mbali.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao nyumbani tuliuita siko seli. Baridi ya Arusha ya Juni na Julai ilikuwa adui yake. Maumivu yakimshika kwenye mifupa alilia usiku kucha, na Mama alimkanda kwa kitambaa cha maji moto huku akimwimbia. Kwa hiyo maisha yake yalijaa makatazo: asikimbie, asinyeshewe, asichezee maji, asitoke bila sweta. Mpira tulicheza sisi, yeye alikaa barazani akishika viatu vyetu. Makatazo hayo yalikuwa ya kweli, na Mama aliyajua kwa machungu. Ila kwenye kibanda umiza watoto wote wanakaa, hakuna anayekimbia, na kwa sababu hiyo mdogo wangu alipapenda kuliko mahali popote. Alikuwa wa kwanza kupiga kelele steringi akizingirwa, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya wavulana. Tukirudi nyumbani aliniuliza maswali mazito. Je, steringi anachoka? Je, naye huwa anaugua?

Alifariki akiwa darasa la nne. Watu wazima walizungumza wao kwa wao vyumbani, sisi watoto tukapelekwa kwa jirani hadi mazishi yalipokwisha. Hakuna aliyekuja kutueleza jambo.

Miaka mingi ilipita. Mwaka 2018 nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, na jioni moja rafiki akanikokota kwenda kuangalia filamu ya Kikenya iitwayo Supa Modo, ya mwongozaji Likarion Wainaina. Niliingia bila kujua inahusu nini. Ilikuwa na dakika 74 tu, watu wake wakizungumza Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza kwa kuchanganya, kama watu wanavyozungumza kweli.

Jo ana miaka 9. Amelazwa hospitali, anaumwa ugonjwa ambao hautapona, na anapenda filamu za mapigano na mashujaa kwa moyo wote. Mama yake, Kathryn, anamchukua na kumrudisha kijijini Maweni, ili siku zilizobaki zikaishie nyumbani. Anamlaza ndani na kumlinda. Ni dada yake, Mwix, msichana aliye katika umri wa ubishi, anayeamua kwamba mtoto huyu hatakaa kitandani akingoja. Anamwaminisha Jo kwamba ana nguvu za ajabu, kisha anakiingiza kijiji kizima katika njama hiyo, akiwamo Mike, mwenye kuonyesha video pale kijijini. Mwishowe wanakijiji wanatengeneza filamu yao wenyewe, na steringi wake ni Jo.

Kuna sehemu ya mpira ambayo bado ninaiona. Watoto wanacheza, kisha ghafla uwanja mzima unaganda, kila mmoja amesimama kama alivyokuwa, na Jo peke yake ndiye anayetembea katikati yao. Hakuna mitambo ya Hollywood pale. Ni watoto wa kijijini wameamua kutotikisika kwa ajili ya mwenzao. Mwezi huohuo wa Februari 2018 filamu hii ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Berlin, ndipo Black Panther nayo ilipotoka, kwa fedha ambazo Maweni nzima haiwezi kuzihesabu. Niliipenda Black Panther. Lakini uwanja ule ulioganda umenishika zaidi, kwa sababu nguvu inayoonekana pale ni ya watu waliojitolea, na mtu yeyote anaweza kuitoa.

Stycie Waweru, aliyeigiza Jo, hafanyi kile ambacho watoto wengi hufundishwa kufanya mbele ya kamera. Haombi huruma. Anatazama tu, na mimi niliamini kabisa kwamba Jo anajua kila kitu: anajua njama, anajua hali yake, na anawaachia watu wazima wafurahi. Hapo ndipo nilipoanza kulia, na sikujizuia.

Jo anakufa. Sheria ya Ngarenaro inavunjwa. Na bado nilitoka ukumbini nikiwa nimeona steringi kwa mara ya kwanza maishani, maana wa zamani hawakuwa na cha kupoteza. Tulijua tangu mwanzo kwamba watapona.

Filamu hii ilitokana na mpango wa One Fine Day Films wa Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, ambao tangu Soul Boy ya mwaka 2010 umekuwa ukiwashirikisha vijana wa Afrika Mashariki katika kutengeneza filamu zao. Soul Boy nayo steringi wake ni mtoto, Abila wa Kibera. Kule Berlin, Supa Modo ilitajwa kwa heshima na jopo la watoto wenyewe, na baadaye Kenya ikaichagua iiwakilishe kwenye Oscar. Kwangu mimi hukumu ya wale watoto wa Berlin ina uzito kuliko zote.

Nilipopata nakala nilimwonyesha Mama. Aliangalia mpaka mwisho, kanga mdomoni. Kisha akasema, "Yule mama simlaumu, mwanangu. Hata mimi ningemlaza ndani."

"Najua, Mama."

"Lakini dada mtu kafanya vizuri. Kafanya vizuri sana." Halafu akamtaja mdogo wangu kwa jina, na tukakaa tukimzungumza hadi usiku, kelele zake kibandani, maswali yake, viatu alivyotushikia. Hatukuwahi kuzungumza hivyo tangu azikwe.

Wapo wanaosema filamu yenye kifo cha mtoto isionyeshwe kwa watoto. Sikubaliani nao. Watoto wa mitaa yetu wanazika wenzao, wanaugua, wanaona, na tunachowanyima ni mazungumzo tu. Wewe mwenye ukumbi, mwalimu mwenye projekta, mzazi mwenye televisheni sebuleni: itafute Supa Modo, waite watoto, kaa nao, na wakianza kuuliza, usiwapeleke kwa jirani. Wajibu.