Watu Wasio na Macho

Wahenga walisema macho hayana pazia. Lakini katika maduka ya picha hapa Arusha, kuanzia Mnara wa Saa hadi soko la Wamasai, pazia limekwisha kushushwa. Karibu kila ukuta una mchoro uleule: watu warefu, wembamba kama mianzi, wamejitanda mashuka mekundu, mikuki mikononi, na nyuso zao ni weusi mtupu.

Mkao wao unazungumza. Aliyesimama kwa mguu mmoja akiegemea mkuki anaonyesha subira ya mchungaji; mwanamke aliyemwinamia mtoto anaonyesha upole. Hata hivyo, mkao bila mtazamo ni nusu ya kauli. Mwili hutuambia mtu yuko katika hali gani; macho hutuambia kwamba hali hiyo anaijua, na kwamba sisi tunaomtazama anatuona. Ukimnyima macho, huzuni au fahari yake inakuwa mali ya mnunuzi, aitafsiri apendavyo.

Siwalaumu wachoraji. Mgeni anayeelekea Serengeti hununua haraka, na sura isiyo ya mtu yeyote humfaa kila mtu. Wala uso si kila kitu. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alichora mwaka 1956 wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Hao wana shughuli, wana wenzao, wana wanakokwenda. Wa madukani kwetu wamesimama tu, wakingoja kutazamwa.

Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa wafugaji, aliukodolea mchoro kama huo, kisha akauliza: "Mwalimu, huyu ni baba wa nani?"

Swali hilo si la sanaa pekee. Juni 2022, vigingi vya mpaka vilipowekwa Loliondo, ndani ya mkoa wetu, kutenga kilomita za mraba 1,500 kwa uhifadhi, mazungumzo mengi niliyoyasikia mjini yalihesabu ng'ombe na watalii. Mfugaji mwenyewe alikuwa sehemu ya mandhari, kama Mlima Meru nyuma ya mchoro. Jamii iliyozoea kumtundika mtu ukutani bila macho haishtuki anapoamuliwa mambo yake bila kutazamwa usoni.

Basi tuwaagize wachoraji wetu nyuso: mama muuza ndizi wa Tengeru, mpagazi wa Kilombero, mzee wa Loliondo, kila mmoja akitutazama. Picha za namna hiyo zitatusumbua sebuleni. Na zitusumbue.