"Sijambo" ya Kwenye Simu



Wapendwa waamini, juma hili naomba tutafakari juu ya chombo ambacho karibu kila mmoja wetu hukibeba hata anapoingia kanisani, yaani simu ya mkononi. Sitarudia onyo la kuizima wakati wa Misa, maana katekista hulitoa kila Dominika. Nataka tulitazame neno moja tunalolisikia ndani ya simu kila siku, na ambalo tunaliamini upesi mno. Neno lenyewe ni "sijambo".

Katika mila zetu, salamu ni adabu kabla ya kuwa taarifa. Kijana hutoa shikamoo, mzee huitikia marahaba. Akiulizwa hali hujibu kwamba hajambo, hata kama hakupata usingizi usiku kucha. Mzee huyo hadanganyi, anatimiza adabu. Zamani adabu hiyo haikumdhuru mtu, kwa sababu aliyemsalimu alikuwa amesimama mbele yake. Aliona jinsi anavyotembea, akaona kama jiko limewashwa na mtungi una maji. Kisha waliketi, na baada ya kitambo maradhi yalitajwa yenyewe. Simu imeichukua salamu na kuyaacha hayo mengine yote nyuma.

Mama mmoja mjane wa kigango kimojawapo hapa kwetu Dodoma ameniruhusu nieleze yaliyompata, mradi nisimtaje jina. Watoto wake watatu wanaishi Dar es Salaam, nao ni watoto wema. Kila mwisho wa mwezi humtumia fedha kwa simu, na kila Jumapili jioni mmoja wao humpigia. Mama huyo ana kisukari, ugonjwa ambao waweza kufisha hisia za miguu. Kwa miezi minne alikuwa na kidonda kwenye unyayo, wala hakikumwuma sana. Kila Jumapili aliulizwa hali, na kila Jumapili alijibu kwamba hajambo. Safari moja kitinda mimba wake alimpigia simu ya video kupitia kwa jirani, akafurahi kumwona mama akitabasamu. Uso ulionekana, mguu ulikuwa umefunikwa na kanga.

Ilipofika zamu ya Jumuiya kusali nyumbani kwake, akina mama walisikia harufu, wakamsihi awaonyeshe mguu. Walimkimbiza hospitali siku hiyo hiyo, lakini ilibidi akatwe chini ya goti. Nilipomtembelea wodini nilimwuliza kwa nini hakuwaambia watoto. Alinijibu: "Padre, watoto wamechoka na kazi. Jambo kama hilo ningelianzia wapi kwenye simu?"

Jibu hilo limekaa nami. Wako mambo ambayo mzazi hawezi kuyasema mpaka amwone mtoto wake ameketi karibu naye, amevua viatu, na haonyeshi haraka ya kuondoka.

Kanisa halijavionea shaka vyombo vya mawasiliano. Papa Pius XI alizindua Radio Vatikani tarehe 12 Februari 1931, nayo ilikuwa imejengwa na Marconi mwenyewe. Mwaka 1951 Papa Pius XII alimtangaza Malaika Gabrieli kuwa msimamizi wa mawasiliano ya simu na redio. Lakini tutazame kilichofuata baada ya Gabrieli kuleta ujumbe Nazareti. Bikira Maria aliambiwa kwamba jamaa yake Elizabeti, mwanamke mzee, ni mjamzito. Habari hiyo ilitoka kwa malaika, isingeweza kuwa na kosa. Hata hivyo Maria aliondoka kwa haraka, akapanda kwenda nchi ya milimani, akakaa kwa Elizabeti kama miezi mitatu. Habari njema ilimtoa nyumbani. Naye Mtume Yohane, mwishoni mwa waraka wake wa pili, anasema ana mengi ya kuandika, lakini hataki kuyaandika kwa karatasi na wino. Anatumaini kufika na kuzungumza ana kwa ana. Mtume aliyetuachia nyaraka alijua mahali waraka unapoishia.

Basi nawashauri mambo machache. Kwanza, unapompigia mzazi, usiishie kwenye hali. Mwulize jana alikula nini, nani alimchotea maji, na lini alikwenda kliniki kwa mara ya mwisho. Maswali hayo hayajibiwi kwa "sijambo" peke yake. Pili, uwe na namba ya jirani au ya kiongozi wa Jumuiya, na umwombe mara kwa mara afike kuona kwa macho yake. Hili lawahusu hasa wale walio mbali, Mwanza, Nairobi au Muscat, ambao nauli na likizo haviwaruhusu kuja.

Tatu, anayeweza kusafiri asafiri, wala asingoje Krismasi wala msiba. Najua nauli si kitu kidogo. Lakini tangu mwaka 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda usiofika saa nne. Mtu aweza kufika Jumamosi, akasali na mama yake Dominika, na Jumatatu akawa kazini. Tena tunapokodi mabasi mawili kwa ajili ya mazishi, nauli hupatikana.

Nne, mzazi akiugua sana, mwiteni padre mapema. Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa si sakramenti ya pumzi ya mwisho tu, na hautolewi kwa simu. Yahitaji mkono wa padre uguse paji la uso wa mgonjwa.

Ndugu zangu, Mungu alisema nasi zamani kwa vinywa vya manabii, na ujumbe wao ulikuwa wa kweli. Lakini hakuridhika na kutuma ujumbe. Alikuja mwenyewe, akakaa kwetu, akawagusa wagonjwa kwa mkono wake. Sisi tulio wake tufanye safari hiyo hiyo, kila mmoja kwa nafasi yake.

Nawatakieni nyote juma lenye baraka na amani.

Paroko wenu