Kipanya na Mkono wa Kushoto: Jaribio la Kuongeza Mpangilio katika Kompyuta za Chuo

Wakufunzi wengi wa somo la kompyuta, nasi tukiwamo, tumezoea kuanza mada ya kipanya kwa kuwaandikisha wanachuo maneno haya: kitufe cha kushoto ni cha kuchagulia, na kitufe cha kulia ni cha kufungulia orodha. Tumeyafundisha hayo kwa miaka sita bila ya kuyatilia shaka. Makala haya yaeleza jinsi tulivyobainikiwa kwamba maneno hayo si kweli kamili, na kwamba kwa kuyashikilia tulimrudisha nyuma mwanachuo mmoja.

Mwanachuo huyo alikuwa hodari wa hisabati, lakini katika maabara alikuwa wa mwisho daima. Tulipomchungulia tuliona kuwa kila tukigeuka hukihamishia kipanya upande wa kushoto wa kibodi, akakiongoza kwa mkono huo. Na kwa kuwa kidole chake chenye nguvu kiliangukia kitufe cha kulia, orodha zilimfungukia ovyo kiooni. Tukamwambia akirudishe kulia, kwa maana ndivyo kompyuta ilivyotengenezwa. Alitii bila neno. Siku nyingi baadaye, alipokuwa akitusaidia kufunga maabara, alisema kwa upole, "Mwalimu, hata darasa la kwanza niliambiwa hivyo hivyo, ila kule ilikuwa kwa rula." Hatukuwa na la kumjibu.

Kompyuta zetu ni kuukuu, na kwa sababu hiyo tumeziwekea Linux pamoja na Xfce, mazingira mepesi ya eneo-kazi yaliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996. Eneo-kazi ni ile sura inayomlaki mtumiaji: madirisha, vitufe vya kufungulia programu, na vidirisha vya mipangilio. Xfce ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi, na leseni yake yamruhusu mtu yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuwagawia wenziwe. Ajabu ni kwamba ndani ya kidirisha cha mipangilio ya kipanya mlikuwamo tangu zamani nafasi ya kuchagua mkono wa kushoto. Tulikuwa tumekifungua kidirisha hicho mara nyingi kupunguza mwendo wa kishale, tusiione.

Tukaichagua, naye akafurahi kwa kipindi kimoja. Kipindi cha pili mambo yaliharibika. Wanachuo wote hutumia akaunti moja, hivyo aliyekaa baada yake alikuta vitufe vimepinduka akadhani mashine imeharibika. Zaidi ya hayo, Xfce huandika uchaguzi huo kwa jina la kila kifaa, nasi vipanya vyetu ni vya namna nyingi, vilivyonunuliwa kimoja kimoja na kuhamishwa meza hadi meza. Mpangilio uliowekwa kwa kipanya cha jana hauna habari na cha leo. Mtengenezaji alimfikiria mtu mwenye kompyuta yake. Hakufikiria chumba cha watu arobaini. Hatumlaumu.

Hapo ndipo tulipoamua kuufanya upungufu huo kuwa somo. Tuliweka kando andalio la wiki tatu, tukawapa wanachuo kazi moja: itengenezwe njia ambayo mtu atageuza vitufe kwa tendo moja anapoketi, na kuvirejesha kwa tendo moja anapoondoka.

Ugunduzi wa kwanza ulikuwa kwamba kompyuta haijui kushoto wala kulia. Mfumo wa X, unaosimamia kioo na kipanya katika mashine zetu, huvipa vitufe nambari tu, 1, 2 na 3; hata gurudumu likizungushwa huhesabiwa kuwa kitufe cha 4 au cha 5. Programu hungoja nambari 1 ibofywe, haiulizi imetoka upande gani. Amri moja fupi, xmodmap -e "pointer = 3 2 1", yatosha kuzibadilisha nafasi nambari ya kwanza na ya tatu. Wanachuo waliandika faili ndogo ya amri inayokagua mpangilio uliopo na kuugeuza, wakaiwekea kitufe katika mwamba wa chini wa eneo-kazi. Saa moja tu, na kazi ikaonekana imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mtumiaji wa mkono wa kulia alipokuja kurejesha hali ya awali, alibofya kile kitufe kwa kidole chake cha kawaida. Kwa kuwa vitufe vya kipanya vilikwisha kupinduliwa, bofyo lake lilihesabiwa kuwa nambari 3, nayo orodha ikafunguka badala ya amri kutekelezwa. Dawa ilikuwa imefungiwa ndani ya ugonjwa! Walibishana kwa siku mbili, nasi tukajizuia tusiwasaidie, jambo lililotuwia gumu kuliko kuprogramu kwenyewe. Hatimaye mmoja wao alipendekeza amri ile ifungwe kwenye kibodi, ambako hakuna cha kupinduka. Xfce huruhusu hivyo, na tangu siku hiyo Ctrl, Alt na K hubonyezwa pamoja.

Suala la jina lilichukua muda pia. Tulitaka karatasi ya kubandika juu ya kila mashine. Mzee mmoja wa pwani angesema mkono wa kiume na mkono wa kike. Wanachuo wa kike walilikataa hilo mara moja. "Kulia" nalo latokana na kula, na mwenye kushoto ameshaambiwa tangu utoto kwamba mkono wake si wa chakula wala wa salamu. Waliafikiana kuandika "kitufe kikuu" na "kitufe cha pili", na kuchora kiganja kando yake. Tumeyafuta maneno yetu ya miaka sita katika andalio la somo, tukayaingiza hayo.

Kipanya cha kwanza, kilichobuniwa na Douglas Engelbart na kuundwa na Bill English huko California miaka ya 1960, kilikuwa kijisanduku cha mbao. Kilipoonyeshwa hadharani huko San Francisco tarehe 9 Desemba 1968 kilikuwa na vitufe vitatu. Wanachuo walipenda kusikia habari za mbao kuliko za tarehe.

Hatukuwapelekea wenye Xfce kazi yetu, kwa kuwa yajibu shida ya akaunti moja, ambayo ni shida yetu. Isitoshe, amri ile hutegemea X. Mahali ambapo Wayland imechukua nafasi yake, vitufe husimamiwa na programu inayopanga madirisha, na itabidi kuanza upya.

Mwanachuo wetu alikwenda mazoezi ya kufundisha muhula uliopita, nasi tukamkagua. Shule ilikuwa na kompyuta moja ya mkononi. Alipouliza ni nani hutumia mkono wa kushoto, hakuna mtoto aliyenyoosha. Hakuuliza tena. Alikiweka kipanya katikati ya meza, mbele ya kompyuta, akawaita mmoja mmoja, na kila mtoto alipofika alitazama kwanza mkono gani umenyanyuka. Wa saba alinyanyua wa kushoto, akamtupia jicho mwalimu, akaurudisha. Yeye alibonyeza vibonye vitatu kwenye kibodi, akamwambia aendelee.