Somo Lililotoka Kapuni

Tulipokuwa mwaka wa tano wa sekondari hapa Kapolowe, wengi wetu hatukuvuka pointi 6 juu ya 20 katika somo la uchumi. Tulimlaumu mwalimu, tukakilaumu Kifaransa. Hatukukiri kwamba tulikariri tusichokielewa, ilhali karo yetu ilitoka katika makapu ya samaki ya mama zetu.

Jioni moja tulimuuliza mama wa mwenzetu kwa nini bei ilikuwa imepanda. Akasema: “Jana mitumbwi ilirudi imejaa. Leo upepo umewazuia wavuvi, na wanunuzi wa Likasi ni walewale.”

Tangu hapo tulikutana kila jioni. Kila neno tulilieleza kwanza kwa Kiswahili, kwa mfano wa ziwa Tshangalele, ndipo tukaliandika kwa Kifaransa. Aliyeelewa hakuondoka kabla ya aliyekwama.

Mwisho wa mwaka tulipata 13. Mama yule aliitazama karatasi asiyoweza kuisoma, akauliza: “Sasa, wanangu, mtanisaidia kupanga bei?”

Swali hilo lingali linatudai.